Matofali ya Tadeo

Kwa miaka minne kaburi la Tadeo lilikuwa tuta la udongo mtupu, ingawa makaburi ya jirani zake pale Ihomelo yalikuwa yamejengewa kwa matofali ya kuchoma. Matofali hayakukosekana. Tadeo mwenyewe alikuwa amefyatua tanuru zima kabla ya kuugua, akimwahidi mkewe jiko lisilovuja. Kibao chake cha kufyatulia kilikuwa na ufa, kwa hiyo kila tofali lilitoka na mstari mgongoni kama kovu. Watu walimtania kwamba hata yakiibwa usiku, asubuhi yatajitaja yenyewe.

Tumbo lilimshika wakati wa mvua. Barabara ya kwenda hospitali ya wilaya ilikuwa tope tupu na gari lisingepanda mlima ule. Wanaume wakambeba kwa machela, wakipokezana mabegani. Walipovuka mto wa pili, yule aliyetangulia akahisi mzigo umebadilika. Wakasimama. Wakageuza.

Matanga yalipoanuliwa, wazee walishauri kwamba matofali yale yamjengee mwenyewe. Evarista, mjane wake, alikataa. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mzee wa usharika anayeona haya hata kukohoa kanisani, lakini siku ile alisimama mbele ya watu wote.

"Tadeo hana haraka tena," alisema. "Tujenge zahanati. Mwingine asifie njiani."

Basi matofali yenye kovu yakawa ya kwanza kufika kiwanjani. Wengine wakaleta yao, wanawake wakasomba maji na mchanga, na fundi Liberatus akajenga kwa malipo ya ulanzi, pombe ya mianzi, na chakula cha mchana. Msingi waliutia saruji. Kuta walizijenga kwa udongo, kama nyumba zao, kwa sababu saruji haikutosha na serikali ilikuwa imesema: wananchi pandisheni kuta, sisi tutapaua. Kuta zikapanda. Serikali ikanyamaza.

Kila mwaka, kabla ya mvua, Evarista aliwakusanya wanawake wakakata nyasi, wakafunika vichwa vya kuta ili maji yasipenye kwenye udongo. Liberatus alikuwa akilitazama jengo na kutikisa kichwa.

"Hili nalo limeota nywele kabla ya meno," alisema.

Mwezi wa sita wa mwaka uliopita, mbunge wao alipiga simu kijijini. Angeuliza swali bungeni kuhusu zahanati ya Ihomelo, na alitaka mgeni kutoka Ihomelo awepo siku hiyo. Hapakuwa na ubishi juu ya nani aende. Evarista alifua kitenge chake cha kanisani, akashuka hadi Iringa mjini, akapanda basi la Dodoma akiwa na wengine wachache wa kata jirani.

Walikaa juu, kwenye viti vya wageni. Majina yao yaliposomwa walisimama, na wabunge kule chini wakapiga meza. Evarista aliinama kidogo, kama ainamavyo mbele ya madhabahu. Mbunge wao aliuliza vizuri. Alitaja mto, alitaja machela. Naibu Waziri akainuka.

"Mheshimiwa Spika, Serikali inatambua na kuthamini juhudi za wananchi wa Ihomelo. Serikali itaendelea kukamilisha maboma ya zahanati nchini kadri fedha zitakavyopatikana."

Meza zikapigwa tena. Evarista akahisi machozi.

Baadaye likaletwa jambo jingine. Waziri alieleza kwa utulivu kwamba wahisani wamepunguza misaada, dola imeadimika, na deni linataka kulipwa. Kwa hiyo Serikali itabana matumizi, na majengo ambayo hayajapangiwa fedha yasubiri hadi hali itengemae. Mbunge mmoja mwanamke alisimama kwa hasira.

"Mheshimiwa Spika, watu wangu wanaambiwa wabane. Wabane nini, mbavu?"

Ukumbi ulicheka. Kengele ikalia, muda wake ukawa umekwisha, akaketi.

"Wanaoafiki waseme ndiyo," Spika alihoji.

"Ndiyooo!"

Evarista naye alisema ndiyo. Ulikuwa mdomo uliozoea mkutano wa kijiji na ibada: mkubwa akiuliza, watu huitikia. Kijana mlinzi wa viti vya wageni alimwinamia sikioni.

"Mama, wageni hawapigi kura."

Aibu ilimpanda hadi masikioni. Alishusha macho akamwona mbunge wao, yuleyule wa mto na machela, naye akiitikia ndiyo huku akikusanya karatasi zake.

Waliandaliwa chakula. Wali ulikuwa mweupe sana, lakini haukunukia kama wa mashamba ya Madibira. Mbunge alipopita mezani kwao, Evarista alikusanya ujasiri wake wote.

"Mheshimiwa, samahani baba. Hayo majengo yatakayosubiri, na letu limo?"

"Mama yangu, swali letu limejibiwa. Limeingia kwenye kumbukumbu za Bunge, halifutiki."

"Na bati?"

"Mwaka huu wote tumefunga mkanda, mama. Kula, kula, safari ni ndefu."

Alirudi Ihomelo akiwa amejiandaa kusema ukweli, lakini alipokelewa na vigelegele tangu kwenye mteremko wa kwanza. Walikuwa wamemwona kwenye televisheni katika kilabu cha ulanzi cha Sedekia.

"Kamwene, mama wa Dodoma! Tulikuona ukisimama!"

"Kamwene. Jamani, nisikilizeni. Bati haliji. Wamesema hela hakuna."

Liberatus akacheka.

"Mama, na wewe! Mtu akuite kutoka huku mpaka kwake, akutaje jina mbele za watu, akulishe wali, halafu akurudishe mikono mitupu? Hata mimi maskini mgeni wangu haondoki bila kikapu cha viazi."

"Nilisikia kwa masikio yangu, Liberatus."

"Ulisikia maneno ya wakubwa. Wakubwa hawasemi 'kesho saa mbili'. Sisi tulihesabu meza zilivyopigwa."

Watu wakacheka, wakamshika mikono, wakamwita mnyenyekevu. Evarista alisema tena, na tena, hadi sauti yake ndogo ikaisha. Usiku, akiwa kitandani, kitu kibaya zaidi kikampata: alianza kuwaamini. Labda yeye ndiye hakuelewa. Labda wakubwa ndivyo wasemavyo. Yeye ni nani hata aonyeshwe kwa nchi nzima bure?

Mwezi wa kumi Liberatus alitaka kupima kenchi za paa, ili bati likifika lisikute fundi amelala. Nyasi zilitakiwa kutoka. Wanawake walimtazama Evarista. Angeweza kusema hapana. Aliinama akavuta fungu la kwanza kwa mikono yake, na vumbi la miaka likamwingia machoni.

Mvua zilifika. Bati halikufika. Walikimbilia nyasi, lakini zilikuwa zimekwisha kuchomwa mashambani, na zile mbichi zilishika maji badala ya kuyazuia. Mwezi wa kwanza ukuta wa chumba cha wazazi ulilala chini asubuhi moja, polepole, kama ng'ombe anayechoka. Ule wa dawa ukafuata. Wiki ile ile jirani wa bondeni alibebwa kwa machela. Hakuvuka hata mto wa kwanza.

Hakuna aliyemlaumu Evarista, na hilo lilimuuma kuliko lawama. Mvua ilipokatika, watu walianza kuokota matofali yao kimya kimya, huyu kwa banda la nguruwe, yule kwa choo. Siku moja Liberatus akafika kwake na mkokoteni. Hakuwa na mzaha hata mmoja mdomoni.

"Haya ni ya kwako, mama. Nimeyatambua kwa kovu."

Evarista aliyatazama. Mengi yalikuwa mazima. Tadeo alijua kuchoma.

"Twende nayo kwake," alisema.

Liberatus alijenga kaburi siku mbili, Evarista akimpondea udongo kwa miguu. Kutoka kilabu cha Sedekia redio ilikuwa ikisikika. Bunge lilikuwa limeanza tena, na sauti fulani ilikuwa inakijibu kijiji kingine, kadri fedha zitakavyopatikana. Hakuna kati yao aliyeinua kichwa. Kazi ilipokwisha, fundi alinawa mikono akaonyesha rundo lililosalia.

"Haya je? Nikurudishie nyumbani? Jiko lako bado linavuja."

"Hapana, yapange hapo hapo kando yake," Evarista alisema. "Na mimi nitayahitaji. Barabara ni ileile."