Karatasi Kumi na Mbili za Mama Upesi

Kwenye makao yetu ya wazee tulimwita Mama Upesi, na si kwa kumsifu. Neno hilo lilimtoka tangu saa kumi na mbili asubuhi: upesi amka, upesi oga, upesi meza dawa. Wazee kumi na wawili wa upande wa chini, karibu wote wenye ugonjwa wa kusahau, walikuwa mikononi mwake na mwa mwenzake mmoja, na huyo mwenzake aliugua wiki mbili kati ya nne. Mimi ni dobi wa hapo. Shuka zilizoletwa kwangu ndizo zilizonieleza siku yake imekwendaje, na mara nyingi ilikuwa imekwenda vibaya.

Miaka ishirini na moja ya kunyanyua watu ilikuwa imemmaliza magoti. Mchana alikuja chumbani kwangu, akakaa juu ya kapu la nguo, akavua viatu na kufumba macho dakika tano, hoi. Siku akiwa na nguvu alinitania kwamba mimi nimepata kazi ya kusinzia na pasi mkononi.

Basi akaletwa mkufunzi, binti mwenye sauti nzuri. Sina ugomvi naye, ila yeye alifundisha siku tatu akiwa amekaa, na sisi tulikuwa tumetoka kusimama. Alisema mzee mwenye ugonjwa huu asilazimishwe wala asibishiwe. Akitangatanga, tujiulize miguu yake inatafuta nini. Na ili tujue, kila mmoja ajaziwe karatasi ya maisha: alifanya kazi gani, anapenda nini, anaogopa nini. Tukae na ndugu zake, tuulize, tuandike. Wakaguzi wangezipitia Ijumaa.

Mama Upesi alizijaza zote kwa nusu saa, juu ya meza yangu ya kupigia pasi, bila kumuuliza mtu. "Anapenda chai, muziki na ibada. Anaogopa kelele." Mara kumi na mbili, neno kwa neno.

"We, hata yule bibi kiziwi anaogopa kelele?" nikamuuliza.

Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akasema, "Sasa nikae na ndugu saa ngapi, dada? Nikikaa mimi, nani atamgeuza yule wa kitanda cha nne?"

Wakaguzi wakaja, wakasifu mwandiko.

Wiki iliyofuata Mzee wa chumba cha tatu akatoroka. Mpole, lakini hakuwa mtu wa kutulia. Kila asubuhi aliingia vyumba vya wenzake, akachungulia nyuma ya milango, akainama chini ya masinki, nao wakampigia kelele za mwizi. Siku hiyo Mama Upesi alikuwa na mapumziko. Mhudumu wa muda aliisoma karatasi, akaona Mzee anapenda muziki, akamkalisha mbele ya redio na kurudi kwenye kazi zake. Mzee akapita langoni nyuma ya gari la mboga. Alikutwa mchana, nyumba ya nne kutoka kwetu, amepiga magoti uani, mwenye nyumba amesimama juu yake na ufagio.

Meneja si mtu mbaya, ila anaogopa kesi kuliko kifo. Akaamua kwamba kuanzia Jumatatu Mzee atakaa kutwa kwenye kiti chenye mkanda. "Ya mkufunzi tumeyajaribu," akasema. "Tumefuata karatasi, na mmeona wenyewe." Kiti hicho tunacho kimoja, stoo. Bibi wa mwisho kufungwa pale aliingia akitembea. Baada ya mwezi miguu ilikuwa imekwisha, na baada ya mwezi mwingine hata maneno.

Mama Upesi aliporudi na kusikia, alikuja kwangu na hakuvua viatu. "Ile karatasi ni uongo wangu," akasema. Nikamwambia anyamaze. Alikuwa amebakiza miezi minane astaafu. Ndiyo, nilimshauri hivyo, na naona haya kusema.

Akaomba simu yangu, akampigia binti wa Mzee.

"Mwanangu, baba alikuwa anafanya kazi gani?"

"Alikuwa anasoma mita za maji, mama. Miaka thelathini, nyumba kwa nyumba, kwa mguu."

"Na anapenda nini?"

"Sijui, mama. Alikuwa anatoka tumelala, anarudi tumelala. Miaka minne yuko kwenu, na leo ndiyo mara ya kwanza mnaniuliza."

Mama Upesi alirudisha simu bila kunitazama.

Kesho yake aliacha watu hawajaoga, akamshika Mzee mkono na kumtoa nje, mpaka kwenye mita yetu karibu na lango. Mimi nilikuwa naanika. Mzee alipiga magoti, akafuta kioo kwa mkono wa shati, akasoma tarakimu moja moja kwa sauti. Kisha akamgeukia kwa hasira. "Andika!"

Mama Upesi akaandika, nyuma ya karatasi ile ile ya uongo. Mzee akataka nyumba nyingine. Mita tunayo moja tu, kwa hiyo wakazunguka jengo, wakarudi pale pale, akasoma tena. Mizunguko mitano, na magoti yale ya Mama Upesi! Ndipo Mzee akaingia ndani mwenyewe, akanywa chai, akakubali kuoga bila ugomvi.

Mama Upesi alipeleka karatasi kwa meneja. "Upande huu nimetunga," akamwambia. "Huu mwingine ndio wa kweli." Alirudi na barua ya onyo, amri ya kuandika upya zote kumi na mbili, na wiki mbili za Mzee kujaribiwa bila mkanda.

Msidhani mambo yamekuwa rahisi. Kuoga sasa kunafika saa sita, shuka zinanifikia jua limeshapungua, nami nalalamika. Siku nyingine Mzee haitaki hata hiyo mita. Lakini wiki mbili zilipita, na kiti bado kiko stoo.

Asubuhi moja ya mvua Mama Upesi alichelewa, akaingia akichechemea. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, vifungo vyote vya shati vimefungwa.

"Karani, umechelewa," akasema. "Nyumba ni nyingi."

Jana yake alimwita mpishi karani vile vile, na Mama Upesi alilijua hilo. Hata hivyo akageuza uso ukutani, mabega yakimtikisika. Nikamsogelea nikamuuliza ana nini.

"Amenisubiri," akasema. "Miaka ishirini na moja, dada, wazee wote wakiniona wanarudi nyuma."