Baba Nukta Ringwani

Mama aliomba jambo moja tu: amsikie baba kabla hatujaanua matanga. Sauti ilikuwepo. Dada yangu alimrekodi baba kwa simu wakati wa ugonjwa, akaweka rekodi zote za simu hiyo kwenye kompyuta yangu hapa Bomani. Mimi nikaandika programu ndogo kwa Lisp, lugha ya kompyuta, ya kuzikusanya pamoja, nizipeleke nyumbani Nyarero.

Programu ikamaliza kazi bila kulalamika. Nyimbo za kwaya ya dada zilikuwemo, tena zote. Baba hakuwemo.

Nikampigia dada simu nikiwa nimechemka. "Umemfuta baba!"

"Sijafuta mtu, kaka. Nyimbo niliziacha na majina yaliyowekwa na simu. Baba nilimwandika upya: baba, nukta, Ringwani. Kwani mtu anatajwa bila kwao? Mwacha asili ni mtumwa."

Ndivyo tulivyolelewa: ukibisha hodi, unasema wewe ni nani na unatoka wapi. Baba aliishi Nyarero karibu umri wake wote, lakini kila mtu alimjua kuwa ni wa Ringwani.

Unix, mfumo unaoendesha kompyuta yangu, haijali hayo. Kwake jina la faili ni herufi zilizofuatana, na nukta ni mojawapo tu. Lisp ndiyo yenye kiherehere. Ikipewa jina hulichanachana: folda huku, jina hapa, na kile kinachofuata nukta ya mwisho inakiita aina ya faili. Basi ikasoma jina kuwa baba, na aina kuwa Ringwani. Nami nilikuwa nimeiagiza ichukue aina za sauti ninazozijua, Ringwani haimo, kwa hiyo ikampita.

Nilimtazama baba kwenye skrini, yeye upande mmoja, kwao upande mwingine, na nikaumia kuliko siku ya mazishi. Siku ile nilikuwa na wageni wa kuhudumia.

Sikubadilisha jina. Nikaiambia programu ilisome lote kama Unix inavyolijua, bila kulikata, kisha ifungue kila faili na kuangalia kama ndani mna sauti. Safari hii baba akaja.

Asubuhi ya kuanua matanga, ndugu wa ng'ambo ya mpaka wa Sirari walikuwa wamejaa uani. Ng'ombe walishagawanywa wiki iliyotangulia, na zizi lilikuwa tupu, lango limeegemezwa ukutani. Nikaweka spika karibu na kigoda cha mama. Baba akakohoa kwanza, kwa muda mrefu, mpaka nikataka kuzima. Halafu akauliza, kwa sauti ile ile ya kila jioni:

"Mama watoto, umefunga zizi?"

"Nimefunga," mama akajibu upesi. "Wewe lala."