Mkanda wa Adabu

Tangu Shigeo Inaoka afe kwa ugonjwa uliogundulika umeshakomaa, mbwa wake Gonbe alikojolea kila kilichokuwa cha marehemu: mto wake wa kukalia, ndara zake za ndani, mwishowe mguu wa kabati la madhabahu lenye picha yake. Mjane wake Fusae, miaka sabini na tisa, alipiga magoti kufuta huku akigomba. "Mzee mzima huna haya! Baba anakutazama hapo!"

Harufu ikafika koridoni. Bi Kuwata, mwenye nyumba, akaja na boksi la keki za maharage, na mtu akikubishia hodi na kitamu bila sikukuu, ujue ana neno.

"Mama Inaoka, uniwie radhi. Mimi sina shida, lakini majirani..." Akainama mara tatu. "Mwezi ukiisha bado inanuka, mbwa itabidi aondoke."

Fusae hakuwa na kiumbe mwingine wa kuongea naye. Akashika mkasi. Kiangazi na kipupwe Shigeo alivaa haramaki, ule mkanda wa sufu wa kupasha tumbo joto. Aliukata, akaushonea vifungo vya kunata, ndani akaweka pedi za mkojo zilizobaki za mumewe. Madukani ipo mikanda kama hiyo ya mbwa, inaitwa mikanda ya adabu, lakini Gonbe aliponusa huu wa bwana wake alisimama kimya afungwe.

Pedi alibadilisha kwa namna yake. Mwaka wa mwisho Shigeo alikuwa hafiki chooni, na siku ya kwanza alimwambia, "Fanya, ila usiangalie." Fusae akajifunza kugeukia ukuta, mikono ikivuta, ikikunja, ikifunga kwa gazeti, maana mifuko ya taka ya mji ule inaonyesha ndani na majirani wana macho. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini kata hii ilikataa hata yenyewe kujua. Kwa Gonbe akafanya vilevile. Mbwa jamani, nani angemlaumu kwa kuangalia! Mikono ilishazoea.

Mwezi ulipoisha Bi Kuwata alikuja kunusa. "Haa! Huyu sasa ana adabu kuliko mume wangu!" Walicheka mpaka wakashika ukuta.

Wiki iliyofuata Gonbe akasusa chakula, hata ngozi ya samaki. Daktari wa wanyama, binti mdogo ambaye angeweza kuwa mjukuu wake, alimfungua mkanda mezani. Fusae akageukia ukuta.

"Bibi, hii damu ilianza lini?"

"Damu gani?"

"Hebu angalia."

Akaangalia. Pedi ilikuwa nyekundu, kingoni imekauka kahawia.

"Ni uvimbe wa kibofu," alisema daktari, "na si wa jana. Ungemleta damu ilipoanza, tungejaribu kitu. Hukuiona kweli?"

"Nilikuwa namstahi," alisema Fusae.

Nyumbani aliutupa ule mkanda. Gonbe alijikokota mpaka kwenye madhabahu, akainua mguu kwa taabu, matone mekundu yakadondoka kwenye mkeka. Fusae alipiga magoti akayatazama, safari hii bila kugeuka. Kisha akainua macho kwenye picha.

"Baba," akasema, "na wewe damu ilianza lini?"