Unywele wa Zambarau Mlangoni

Kazi yangu hapa Brussels ni kupima raba zinazoziba milango ya vyombo vya angani ili hewa isivuje. Jumatatu hewa ilivuja mbele ya wateja. Nikamgeukia Espérance, mhandisi mwenzangu mgeni kutoka Bukavu, nikamhubiria usafi kwa sauti ya juu, kwamba hata uchafu mdogo juu ya raba huvujisha hewa. Alifungua mlango taratibu, akanasa kwa kibano unywele wa zambarau uliolala juu ya raba.

"Bon, papa, hapa nani iko na nywele ya hii rangi?"

Nikacheka kwa dharau, mpaka alipochomoa mwingine kwenye kola yangu. Nikakiri kwamba asubuhi ile nilikuwa nimemsuka binti yangu rasta za zambarau, nimempakata.

"Alors, mutoto alipendeza?" akaninong'oneza Espérance.

"Sana," nikajibu, uso ukiniwaka.