Nilisema Injini Imeharibika

Mimi ni fundi cherehani, nina chumba cha kushonea pale Bomani, Tarime mjini. Nimezaliwa Ringwani, ambako maji mengi niliyoyajua utotoni yalikuwa ya mto wa kuvuka kwa miguu. Ziwani nilifikishwa na ndoa. Kaka wa mke wangu, Mjaluo wa ufukweni, alinunua boti kuukuu ya mbao akaikarabati, nami nikamshonea turubai la kivuli. Ilipokamilika alinialika tukaijaribu kwa siku tatu, tukifuata ufuko na kulala visiwani. Nilikubali mbele ya mke wangu, kwa sauti ya mwanaume asiyeogopa kitu.

Mbele ya ghuba tuliyoondokea visiwa vimejipanga mstari, vya mawe na vichaka, vinapokea mawimbi ya ziwa ili nyuma yake maji yatulie. Shemeji alikuwa anaingia nyuma ya kisiwa, anazima injini na kunikabidhi nanga.

"Usiirushe," alinifundisha. "Ishushe polepole mpaka usikie imekaa chini, halafu achia kamba ya kutosha. Kamba ikiwa fupi nanga inang'oka."

Siku ya kwanza nilifurahi kweli. Tulizunguka kisiwa kisicho na mtu, tukaona mayai ya ndege juu ya jiwe tupu, na simu yangu ikapokea ujumbe wa kunikaribisha Kenya.

Siku ya pili ilibidi tuvuke uwazi kati ya visiwa viwili. Pale hakuna kinga. Mawimbi yalitupiga ubavuni, boti ikalala upande, maji yakanilowesha mapaja. Nilishika mbao za pande zote mbili mpaka vidole vikafa ganzi. Shemeji aliendelea kunieleza mambo ya injini, plagi na mafuta, nadhani ili nisiwaze. Tulipotia nanga kwenye kisiwa cha wavuvi, moyoni nilikuwa nimeshaamua kwamba turudi kwa njia fupi, na mzigo usiongezeke hata kuku mmoja.

Shemeji alipanda mawe kutafuta mtandao ampigie mkewe. Mimi nikaenda kutembea upande wa pili, walikoanika dagaa. Mwanamke wa umri wangu aliacha kuwageuza akanifuata.

"Kaka, habari za safari. Mnaelekea nchi kavu?"

"Kesho labda."

Akashusha sauti. "Nina baba mkwe ndani. Tangu jana asubuhi haja ndogo haitoki. Hawezi kulala, hawezi kukaa. Wanaume wote wamepeleka dagaa sokoni, mpaka kesho. Naomba mtusaidie tumfikishe hospitali leo."

Ndani ya kibanda cha mabati nilimsikia mzee akiguna, mguno wa mtu anayejitahidi asisikike. Nikaona mahali atakapolazwa: katikati ya boti, pale ninapokaa mimi, pale penye kitu cha kushika pande zote mbili. Nikauona tena ule uwazi, safari hii boti ikiwa imezama zaidi.

"Pole sana dada," nikasema. "Injini yetu imeharibika."

Aligeuka kutazama upande wa boti.

"Plagi imeungua. Hata hapa tumefika kwa bahati."

Neno plagi nilikuwa nimelijua asubuhi ile ile.

Hakubishana. "Haya, kaka," alisema, akaingia ndani. Ningependa kusema kwamba nilichanganyikiwa, lakini sivyo. Uongo ulitoka umekamilika, na maelezo yake yakafuata bila kuitwa.

Nilirudi kwenye boti nikakaa juu ya jiwe. Baada ya muda shemeji akashuka, na yule mwanamke akiwa pembeni yake. Walisimama karibu nami, na mwanamke akasema kwa Kiswahili, ili nami nisikie:

"Ndugu yako anasema injini imeharibika. Nauliza kama kuna namna nyingine."

Shemeji alinigeukia. "Injini ipi?"

Wakahamia Kijaluo, ambacho sikijui zaidi ya salamu. Waliongea kidogo, kwa sauti ya chini, wala hawakuniangalia. Mpaka leo sijui shemeji alimwambia nini kuhusu mimi.

"Vuta nanga," akaniambia.

Tulimbeba mzee kwa blanketi, na yule mwanamke akapanda naye. Nilimwamkia shikamoo baba, akaitikia marahaba kama vile nimemkuta uani kwake. Alilala juu ya mkeka, kichwa kwenye paja langu kwa kuwa nafasi nyingine haikuwepo. Kwenye uwazi mawimbi yalikuwa yale yale. Nilimbana mabega kama nilivyobana mbao asubuhi, naye akahisi.

"Wewe si mtu wa maji," alisema.

"Hapana baba. Natoka Ringwani."

"Basi nishike vizuri. Tutafika."

Midomo ilikuwa imemkauka kwa maumivu, na bado alikuwa ananitia moyo. Ningeona afadhali anitukane.

Hospitali walimwekea mpira, mkojo ukatoka, na mzee akalia machozi kimya kimya. Muuguzi alitoka akatukuta barazani. "Mmefanya vizuri kumleta leo," alisema, akinitazama mimi. Nikasema asante. Shemeji alikuwa amesimama hapo hapo, akaangalia viatu vyake. Njiani hakuligusa jambo lile, wala hakumwambia dada yake. Mke wangu aliponiuliza, nilisema visiwa ni vizuri sana.

Miezi ilipita, kisha yule mwanamke akaingia dukani kwangu na mzee, wakitoka kliniki. Walielekezwa na shemeji. Mzee alitaka suruali mbili pana kiunoni. Alipokaa benchi la nje kupumzika, nilianza kusema.

"Dada, siku ile pale kisiwani..."

"Nilijua," alisema. Alikuwa anapapasa vitambaa. "Niliwaona mkiingia. Injini ilikuwa inanguruma vizuri."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Wewe ulikuwa na boti, mimi nilikuwa na mgonjwa. Ningekukasirisha, nani angetuvusha?"

Alichagua kitambaa cha kijivu akakiweka mezani. Nilimwomba anisamehe. Alitikisa kichwa kukubali, bila tabasamu, akamwita baba mkwe wake aingie kupimwa. Mzee akasimama mbele yangu, akainua mikono, akaniuliza habari za Ringwani, kama mvua zimenyesha. Nikamjibu huku nikimpima kiuno, na ikabidi nirudie mara mbili, kwa sababu namba nilikuwa siioni.