Ishmael, Zulia na Maulidi ya Mount Druitt

Ukitaka Ishmael wa Buyenzi, Bujumbura, akukasirikie, mwambie dufu ni kelele. Mengine yote mtanie tu, atacheka nawe: kipara chake, Kiingereza chake, hata kazi yake ya kupakia magodoro kwenye ghala la Auburn, Sydney, ambako Waturuki na Waafghani walimwita baba kabla hawajajua jina lake. Lakini dufu? Thubutu!

Na alikuwa na sababu. Kule kambi ya wakimbizi ya Mtabila, mkoani Kigoma, malaria ilimpanda kichwani binti yake Arakaza hadi akaacha kumtambua mama yake. Ishmael akaweka nadhiri mbele za watu: mtoto huyu akipona, na Mungu akitutoa hapa, nitasoma maulidi katika nchi nitakayofikia, na kila jirani atakula. Mtoto akapona. Nchi ikawa Australia. Mwaka wa kwanza ulimezwa na kutafuta kazi na nyumba, ila mwaka 2006, mfungo sita ulipokaribia, alimwambia mkewe aanze kukusanya viungo vya pilau. Watu unaweza kuwakwepa, bwana, lakini Mungu utamkwepea wapi?

Sasa sikiliza mkosi. Waislamu wa Kiafrika pale Auburn walikuwa wakiswali kwenye chumba cha kupanga nyuma ya duka la matairi, juu ya zulia lililochakaa hata magoti yakaizoea sakafu. Ufalme mmoja tajiri wa Ghuba ukasikia. Ukaleta zulia jipya, nene, la kijani, na vipaza sauti, na mhubiri kijana uliyemsomesha wenyewe. Sharti lilikuwa moja: maulidi basi, dufu basi, huo ni uzushi. Mwenyekiti wa msikiti, mzee mpole asiyependa ugomvi na mtu, akakubali. Ishmael akawa hali, halali.

Siku ya kulizindua zulia, serikali nayo ikaja. Ilimtuma Bridget, dada wa Kikenya wa ofisi za Parramatta, aliyeshuka kwenye gari moja na yule mhubiri. Akasoma hotuba: serikali na marafiki zake, wafalme wa Ghuba, wanapambana bega kwa bega na siasa kali za kidini. Watu wakapiga makofi. Ishmael akanyoosha mkono.

“Dada Bridget, samahani. Hiyo siasa kali ndiyo nini hasa?”

“Ni mtu kuwalazimisha wenzake wafuate dini kwa njia yake peke yake, mzee wangu.”

“Ahaa! Basi huyu uliyekuja naye amenikataza maulidi ya baba na babu yangu. Umekuja kumkamata au umekuja kumleta?”

Chumba kizima kikaangua kicheko. Hata mhubiri, ambaye Kiswahili hakijui, akatabasamu kwa adabu. Bridget akakohoa, akamsogelea Ishmael na kushusha sauti. “Mzee wangu, urafiki huo unapangwa na wakubwa. Kuna mafuta, kuna vita vya Iraki. Mimi nimepewa hotuba tu nije niisome.” Alisema kwa haya, na Ishmael akampenda kwa haya ile.

Lakini kicheko hakikuliondoa sharti. Ishmael akarudi kwake Mount Druitt amenuna, akakaa kibarazani kwa Callixte, jirani yake, Mkristo, mwimba kwaya waliyetoka naye kambini.

“Unanuna nini, na ukumbi wa kanisa letu upo?” Callixte akamwuliza.

“Maulidi kanisani? Umerukwa na akili?”

“Si kanisani, ni ukumbini, tunapofanyia harusi. Kambini ulimchimbia mama yangu kaburi, Ishmael. Uliuliza alikuwa akisali wapi?”

Ishmael akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Jumamosi iliyofuata, wallahi, mtaa mzima ulinukia iliki. Wanakwaya walimenya vitunguu pamoja na Mama Arakaza huku wakigombania chumvi. Ukumbi ukafurika, udi ukafuka, madufu yakalia. Ikafika kiyamu, pale panapotajwa kuzaliwa kwa Mtume na watu wote husimama. Waislamu wakasimama. Wakristo wakatazamana, wakadhani chakula tayari, nao wakasimama, kila mmoja na sahani yake mkononi, Callixte mbele yao! Wakaona wenyeji wanaimba wamefumba macho, na hakuna anayeelekea kwenye sufuria. Aibu ya kukaa tena nani aiweze? Basi wakashika kiitikio, sahani kifuani, na sauti walikuwa nazo.

Hapo mlango ukafunguliwa. Ni Mwenyekiti, jasho linamtiririka.

“Ishmael! Msikiti mtupu, mhubiri anauliza watu wako wapi. Watalichukua zulia!”

“Walichukue, mzee wangu. Mimi nilimwahidi Mungu, sikuliahidi zulia.”

Pale mlangoni mguu wa mzee ukaanza kufuata mdundo kabla mwenyewe hajaamua lolote. Mara akavua viatu, akamnyang'anya mtu wa karibu dufu lake, akalipiga kama aliyekuwa na kiu nalo. Vigelegele!

Zulia lilichukuliwa kweli, na watu wakaishia kuswalia mikeka, lakini hayo ni ya wiki iliyofuata. Siku ile Arakaza, sasa msichana wa miaka kumi na minne mwenye maneno mengi, alikuwa akipita na mrashi, akiwanyunyizia marashi Waislamu, Wakristo na sahani zao. Alipomfikia baba yake alimkuta analia waziwazi, wala hajifuti.

“Baba, acha, watu wanakutazama,” akamnong'oneza kwa Kiingereza.

Ishmael akaushika mkono wake, uliolowa marashi, hauna homa.

“Hawanitazami mimi,” akamwambia. “Nimewaita waje wakuone wewe.”