Nilichekea Mlangoni pa Yael

Mwanangu, kesho unaanza chuo. Keti kwanza nikusimulie kicheko kimoja ambacho hadi leo kinanitia haya.

Nakumbuka nilikuwa mlinzi wa bweni la chuo hapa Johannesburg, miaka ile wanafunzi walipokuwa wakiandamana kudai ada zifutwe. Ujana ulikuwa umeanza kuniaga, lakini busara ilikuwa bado iko njiani. Na hiyo, unajua, haina haraka.

Bwenini alikuwamo binti Myahudi, Yael, mpole, asiyepita bila kunisalimia. Asubuhi moja nikizungukia ghorofa ya pili, niliwakuta vijana wawili wakichora mlangoni pake, kwa kalamu nene, alama ya Wanazi, wale waliowaua Wayahudi kwa mamilioni kule Ulaya.

“Eish, baba, ni utani tu,” mmoja akaniambia. “Hawa watu wana kila kitu.”

Nami nikacheka. Nilicheka kwa woga, mgeni asiyetaka ugomvi na wenye nchi. Wale wakakimbilia ngazi za nyuma. Yael akatokea za mbele, akaukuta mlango wake, akanikuta mimi na meno nje. Mchana alibeba begi akarudi kwao.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Na kicheko nacho ni ulimi.

Mkubwa wangu wa zamu, Mama Rehema, alikuwa Mtanzania aliyeolewa na mpigania uhuru wa huku, akahamia naye utawala wa makaburu ulipokwisha. Nilimweleza nikidhani atanihurumia.

“Wenyeji walipovamia maduka ya wageni,” akaniuliza, “wewe ulijificha wapi?”

“Kwa jirani, mama. Mzulu. Alitufungia ndani, mimi na watoto.”

“Je, angesimama mlangoni akacheka na wale wavamizi?”

“Tungekwisha, mama,” nikasema.

“Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Nenda ukaseme ulichoona, baba.”

Niliogopa, mwanangu. Karatasi zangu za ukimbizi zilikuwa karibu kuisha muda, na kazi ilikuwa ile ile moja. Hata hivyo nilikwenda ofisini, nikaandika yote, na kicheko changu nikakiandika. Mama Rehema alikaa kando yangu mpaka nikatia sahihi.

Wakuu hawakulifunika jambo. Vijana waliitwa pamoja na wazazi wao, wakaondolewa bwenini. Mmoja aliomba radhi akilia. Mwingine alinuna tu. Kazi yangu ilibaki. Wiki mbili baadaye Yael akarudi na baba yake.

“Nisamehe, binti yangu,” nikamwambia. “Nilicheka.”

“Nilikusikia,” akasema. “Na nimeambiwa ulichosema ofisini. Asante.”

Nilipumua kama mtu aliyetua gunia la saruji. Alifanya mitihani yake yote, akafaulu.

Basi, mwanangu, mambo ya mataifa ya mbali, hata ya taifa la Wayahudi, bishaneni kwa hoja, hata kwa ukali, lakini mwanafunzi mwenzako usimtwike lawama kwa sababu ya dini yake au ukoo wake. Mzaha wa kumdhalilisha mtu usiuchekee. Ukiona uovu, sema mapema, kisha umwendee aliyeumizwa, usimwache ale peke yake. Mimi nilichelewa nikabahatika. Wewe usingoje bahati.

Nenda salama. Mungu akupe macho ya kuona na kinywa kisichoogopa, akulinde wewe na kila utakayeketi naye darasani. Amina.